Siku Niliyotia Pamba Masikioni

Hapa Kawajense, Mpanda, watu wengi wananiita Pamba, na mgeni akilisikia hilo jina anadhani limetokana na mavazi, kwa sababu vijana wa siku hizi nguo kali wanaziita pamba, basi mimi nanyoosha kola yangu, namwacha adhani hivyo hivyo. Lakini nyie ni watu wangu, nyie siwezi kuwadanganya, nitawaambia lilikotoka, ila mtakaocheka mcheke kwa kiasi maana aibu yenyewe bado mbichi. Mpaka leo nikipita mbele ya duka la dawa la rafiki yangu Leokadia natamani kuvuka barabara nipite upande wa pili (na yeye akiniona tu anatoka mlangoni, anagusa sikio lake, anarudi ndani kuhudumia wateja).

Mimi ni fundi friji. Maisha yangu ni kukaa chini nyuma ya friji za watu, bisibisi mkononi, vumbi puani, mwenye friji kasimama juu yangu ananiuliza kama kweli gesi imeisha au namdanganya. Hakuna mtu anayemshangaa fundi friji. Ndiyo maana siku nilipopelekwa kwa mara ya kwanza kwenye kiwanja cha shabaha, kule ng'ambo ya Kakese, nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Unakaa kwenye meza ya mbao, unaweka kitako cha bunduki begani, unafumba jicho moja, na dunia yote, wateja, joto, kelele za bodaboda, vyote vinaisha, kinabaki kile kidoti cheusi kwenye karatasi kule mbele, halafu unavuta pumzi, unaitoa nusu, unatulia mpaka unausikia moyo wako mwenyewe, na ule ukimya, jamani, kabla ya risasi kutoka, mimi sijawahi kuupata hata kanisani.

Kiwanja chenyewe ni cha Afande Sadiki. Huyu mzee alikuwa askari wa wanyamapori tangu ujana wake, amezeekea porini akiwalinda tembo dhidi ya majangili, na alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wenzake, akaomba kibali cha kufungua sehemu ambapo watu watajifunza kulenga shabaha kihalali na kwa adabu. Kibali kilichelewa sana (walimzungusha ofisi hii na ile mpaka soli za viatu zikaisha), na kilipotoka akachimba kwa jembe lake mwenyewe lile tuta kubwa la udongo la kukamata risasi, chini ya kilima. Bunduki ziko mbili tu, moja ndogo ya risasi nyembamba, ya kujifunzia, na moja kubwa ya zamani ambayo sisi wanachama tunaiita Babu. Mke wake alishafariki, watoto wako mbali, pale kiwanjani ndipo anapoishi na ndipo alipoweka roho yake. Sasa pale kijijini kuna watu hawakipendi hicho kiwanja, wanasema mlio unawasumbua, na mwenyekiti alishamwambia wazi kwamba ikitokea ajali, hata moja, hata ndogo, panafungwa.

Halafu mimi na mdomo wangu. Kwa miezi nilikuwa nawasimulia marafiki zangu wawili habari za shabaha, jinsi ninavyopiga, jinsi Babu anavyonguruma mikononi mwangu (uongo mtupu, Babu nilikuwa sijawahi hata kumfyatua, nilikuwa napigia ile ndogo tu). Mmoja ndiyo huyo Leokadia, duka lake limepakana na karakana yangu, mwanamke mtulivu ambaye hata ukimwambia umemeza sumu anakuuliza kwanza umekula nini asubuhi. Mwingine ni Nestori, tumesoma naye tangu la kwanza, analima mpunga na mahindi kule Mwamkulu. Kwao Nestori walitoka Burundi kwa mguu wakikimbia vita, bibi yake akiwa na mtoto mgongoni, na japo sasa ni Watanzania kabisa na vyeti vyao viko ukutani, kwenye ile nyumba bunduki haitaniwi. Bibi yule mpaka leo ukidondosha sufuria anashika kitasa cha mlango.

Kwa hiyo Nestori aliposema anataka kuja, nilishangaa, na Leokadia aliposema atakuja pia, nikajiona nimekuwa mtu mkubwa. Nikaenda kwa Afande kuwaombea.

"Wageni hatujawahi kupokea hapa," alisema. "Nawaruhusu kwa neno lako. Wakiharibu umeharibu wewe, na mimi wakinifungia hapa sina pengine pa kwenda."

Nikamjibu, "Afande usiwe na wasiwasi, hao ni kama mimi mwenyewe." Mtaona baadaye jinsi hilo neno lilivyokuwa baya.

Sasa nifungue la moyoni. Mimi naogopa mlio. Wenzangu wote wanavaa vile vifunika masikio vikubwa na vinawatosha, mimi havinitoshi, mlio ukitoka macho yanajifumba yenyewe, mabega yanaruka, na risasi inaenda inakokujua yenyewe. Nilishasingizia jua, nilishasingizia vumbi, nilishasingizia malaria. Siku mbili kabla wageni hawajaja nikasema hapana, safari hii sitaruka mbele yao, nikaingia dukani kwa Leokadia nikaomba pamba. Akaniuliza ya nini, nikasema nina kidonda. Akauliza wapi, nikasema mguuni. Akanikatia pamba nzuri, nyeupe, nyingi, akanipa na pole, akanielekeza niwe nasafisha kwa maji ya chumvi. Uamuzi ulikuwa mdogo hivyo tu, kipande cha pamba mfukoni, na mengine yote yakafuata.

(Kuna na jambo la pili, nalo lazima niliseme maana litakuja. Afande alinituma Ijumaa nijaze mchanga kwenye magunia ya kukandamizia miguu ya mbao za shabaha, upepo wa kiangazi ulikuwa unaziangusha. Mchanga unachotwa korongoni, ni mzito, jua kali. Nikapita kwenye mashine ya kusaga, nikaona lundo la pumba za mahindi, nikasema moyoni gunia ni gunia, nani atafungua. Nikajaza pumba, nikayafunga vizuri, nikayapanga kule mbele, nikajifuta jasho ambalo halikuwepo.)

Jumamosi tukafika asubuhi na pikipiki ya Nestori, watatu tumebanana. Mimi nilikuwa nimevaa kizibao kipya chenye mifuko mingi kila mahali. Nestori akaniuliza hiyo mifuko yote ya nini, nikamwambia ya kazi, na kwenye yote hakukuwa na kitu isipokuwa ile pamba.

Afande alikuwa amefagia mpaka chini ya meza. Shati limepigwa pasi, kofia yake ya zamani kichwani, akawakaribisha wageni kama watu wa ubalozi, akawaonyesha kila kitu taratibu: mtutu unaangalia mbele tu, kidole hakigusi kifyatulio mpaka uambiwe, halafu akawafundisha maneno yake manne. Shika, unashika bunduki. Lenga, unalenga. Achia, unaachia risasi. Acha, unaacha kila kitu, unaweka chini.

Nestori akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani baba. Acha na achia, mtu akiwa ameziba masikio si atachanganya?"

Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikamwambia Nestori hapa siyo shambani, mtu anayejua kazi yake hachanganyi. Afande hakucheka. Alisema swali ni zuri, na kwamba ndiyo maana kuna bendera, akatuonyesha kamba iliyotoka pale mezani mpaka kwenye mlingoti kule mbele upande wa kulia wa tuta, ukivuta kamba inapanda bendera nyekundu.

"Ikipanda ile," alisema, "hata kama mbingu yenyewe imekwambia achia, wewe unaacha."

Wakaanza na ile bunduki ndogo. Leokadia akakaa, akatulia vile vile anavyotulia akihesabu vidonge, akafyatua, risasi ikapasua karatasi karibu kabisa na kidoti. Akageuka akatuangalia na macho makubwa ambayo sijawahi kuyaona kwake, akashika kifua, akasema tu kwamba hakujua kama kitu kidogo namna ile kinaweza kujaza kilima chote. Na ni kweli, mlio unaenda unagonga kilima, unarudi, unapita juu yako, halafu ndege wote wananyamaza, na wewe uliyevuta kidole tu unajiona mdogo kuliko ulichokifanya.

Zamu ya Nestori ikafika. Alikaa mezani bila kuigusa bunduki, Afande akakaa pembeni yake akamwambia si lazima, anaweza kuangalia tu. Nestori akasema anaomba ajaribu. Akashika, akalenga, Afande akasema achia, naye akaachia. Mlio ulipokwisha akaweka bunduki chini taratibu, akavua vifunika masikio, akabaki anaangalia kilima.

"Kumbe ndiyo hiki," akasema. "Bibi ametembea mpaka huku kwa ajili ya hiki."

Afande alimwekea mkono begani akauacha pale. Mimi ningekuwa na akili ningeishia hapo hapo, nikachemsha chai, tukarudi nyumbani. Baadaye Nestori akaomba apige tena, akasema anataka akamwambie bibi kwamba amekishika kwa mkono wake na amekiweka chini.

Lakini nyie mnanijua. Asubuhi nzima ilikuwa inapita na hakuna aliyeniangalia mimi. Mimi niliyewaleta, mimi mwenye kizibao. Nikamwambia Afande sasa niwaonyeshe wageni Babu. Akauliza kama niko tayari, nikasema tangu zamani. Basi akaenda ndani kumleta, na mimi nikazunguka nyuma ya mti kama mtu anayekwenda kujisaidia, nikatoa ile pamba, nikaisokota, nikaisindilia sikio la kulia, nikasindilia la kushoto, ikabaki nyingine nikaona isipotee, nikaongeza humo humo. Juu yake nikavaa vifunika masikio. Dunia ikawa kimya kama ndani ya friji.

Nikakaa. Babu ni mzito, kitako chake cha mti kimesuguliwa na mashavu ya watu wengi. Afande akaniambia shika (niliona midomo), akaniambia lenga (nikaona na mkono), nikafumba jicho moja, jicho lililobaki likaingia kwenye kile kidoti cheusi na sikuona tena kitu kingine chochote duniani. Nikavuta pumzi. Nikaitoa nusu. Nikawa nasubiri neno moja tu, achia.

Yanayofuata sehemu yake nilisimuliwa, maana nilikuwepo lakini sikuwepo. Upande wa kushoto, nyuma ya tuta, alitokea tembo. Dume, peke yake, bila hata kuvunja kijiti, wenzangu wanasema ni kama kilima kilijigawa kikatoa kipande. Afande akamwona. Kwa mkono mmoja akavuta kamba, bendera ikapanda, na kwa kuwa yeye ni mtu wa porini na tembo aliye karibu hapigiwi kelele, akaniambia kwa sauti ya chini, "Acha."

Mimi nikasikia kitu kwa mbali, kama mtu anayeongea kutoka chini ya kisima, "...acha..." na akili yangu ambayo ilikuwa imekaa inasubiri achia, ikajazia yenyewe kilichopungua.

Nestori alipoona kidole changu kinasogea akasahau na Kiswahili, akanong'ona kwa Kirundi cha nyumbani, "Reka, reka," yaani acha, acha. Nami nikasikia lenga, lenga. Nikasema moyoni, rafiki yangu huyu ananitia moyo. Nikatabasamu, nikavuta.

Babu akanipiga teke begani, kigoda kikaenda kwake na mimi kwangu, nikajikuta nimekaa chini kwenye vumbi, miguu juu, kizibao kimenifunika uso. Lakini macho sikufumba. Hilo ndilo nililoliwaza la kwanza, kwamba sikufumba macho, pamba imefanya kazi. Nikainuka, nikageukia wageni nipokee sifa zangu. Leokadia mikono mdomoni. Nestori amechuchumaa. Na Afande, jamani, Afande Sadiki alikuwa amevua kofia.

Nikadhani ananivulia mimi.

Nikainama. Msicheke, nyie, nimesema kwa kiasi. Niliinama kama msanii jukwaani, mkono kifuani, nikainama na mara ya pili, mpaka Nestori akanishika kichwa kwa mikono yake miwili akakigeuza mbele kama mtu anayefungua mfuniko.

Sijui niwaelezeje. Mimi ni mtoto wa Mpanda, nimekua nikisikia habari za tembo walioingia mashambani, nimewaona kwa mbali nikiwa kwenye gari, nikadhani nawajua. Siwajui. Alikuwa amesimama pembeni ya shabaha yangu, na ile mbao ambayo sekunde chache nyuma ndiyo ilikuwa dunia yangu yote ilikuwa inamfika gotini. Masikio ameyafungua yote. Udongo mwekundu umekauka mgongoni mwake, pembe moja imekatika ncha, na jicho lake, dogo, lenye kope ndefu kama za mtoto, linatuangalia sisi wanne mmoja mmoja. Sikuwa nasikia kitu. Kila mtu mwingine alisikia pumzi yake, mimi nilimwona katika ukimya mtupu, na kibaya zaidi nilikuwa bado sijajua risasi yangu imekwenda wapi. Nikawaza, nimempiga. Nimempiga huyu, na Afande amevua kofia kwa ajili ya msiba.

Hakuanguka. Alikunja mkonga, akaunyoosha, akaushusha mpaka kwenye lile gunia lililokandamiza mguu wa mbao, akalinusa. Akaliwekea mguu juu, akalipasua kwa mkonga kama mtu anayepasua pakiti ya biskuti. Zikamwagika pumba. Nyingi, za njano, safi, za mahindi ya mwaka huo. Akaanza kula.

Afande akageuza shingo taratibu akaniangalia. Yule mnyama alikuwa amefuata harufu ya pumba kutoka porini, na mchanga wangu wa korongoni ulikuwa unaliwa mbele ya mashahidi.

Akala gunia la kwanza, akala la pili, hana haraka, sisi hakuna aliyekohoa. Ajabu ni kwamba baada ya muda hofu ilipungua ikabaki ile nyingine, ile ya kukufanya uongee kwa sauti ya chini hata baadaye. Leokadia alikuwa analia bila kujua. Nestori alikuwa anatabasamu na machozi pia. Alipomaliza akaangusha mbao ya shabaha kwa mguu, siyo kwa hasira, ilikuwa njiani tu, akapita nyuma ya tuta akarudi alikotoka, na kilima kikafunga mlango.

Afande akaondoka, akafuata nyayo za yule tembo. Tulimwona anainama, anageuza majani, anainua jani moja anaangalia chini yake, analiacha, anasogea. Alikuwa anatafuta damu. Sisi tulibaki pale mezani, na Leokadia akaniambia kitu, nikamwambia eeh, akarudia, nikamwambia eeeh kwa sauti ya kupita kiasi, mpaka akakunja uso, akanivua vile vifunika masikio, na hapo kipande cha pamba kikaning'inia. Akakishika kwa vidole viwili, akavuta. Kikaja. Akavuta tena, kikaendelea kuja, hakiishi, Nestori anaangalia kama anayeangalia mazingaombwe. Leokadia aliigeuza ile pamba kwenye mwanga, akaitambua.

"Kumbe kidonda kilikuwa masikioni," akasema.

Nestori ndiye aliyeiona risasi ilikokwenda. Alikuwa ametembea mpaka kwenye mlingoti, akatuita kwa mkono. Katikati ya bendera nyekundu, ile bendera ya kuniambia acha, palikuwa na tundu. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa kule mbele mimi nilikipata kile kimoja kilichokuwa kinanikataza. Babu alikuwa ameruka juu na upande wa kulia, mbali kabisa na tembo, na ni mara moja tu maishani nimemshukuru Mungu kwa ubovu wangu wa shabaha.

Afande alirudi shati limelowa jasho. Akasema hana damu, mzima kabisa, akakaa kwenye kigoda changu. Nilimsogelea nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono.

"Ungemuua mbele yangu," alisema. "Kwenye kiwanja changu. Mimi niliyezeeka nikimlinda."

Akafuta macho kwa kofia yake. Angenipiga ningeona afadhali. Halafu akavaa kofia, akasema anaenda kutoa taarifa kwa wahusika na kwa mwenyekiti kabla hawajasikia kwa watu wengine, nikamwambia Afande hakuna aliyeona, akanijibu kwamba yeye ameona.

Kiwanja kikafungwa siku hiyo hiyo. Watu wa wanyamapori wakaja, wakafuata nyayo, wakaridhika, lakini mwenyekiti akasema jambo litaamuliwa na mkutano wa kijiji, na kila mtu Kakese alikuwa anajua litaamuliwaje. Nestori alikwenda kumwona Afande, akamkuta anafunga vitu vyake kwenye maboksi. Hapo ndipo nilipokosa usingizi. Kwenye taarifa yake yule mzee alikuwa amejiandikia kosa lote yeye, kwamba alimruhusu mwanachama asiyekuwa tayari, basi, hakutaja jina langu, wala pumba, wala pamba.

Siku ya mkutano nikasimama. Uwanja wa kijiji umejaa, akina mama na watoto mgongoni, wazee kwenye viti vya mbele, na wale wote waliochoshwa na mlio. Nikasema mimi ndiye niliyefyatua, na niliambiwa niache lakini nilikuwa nimetia pamba masikioni.

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mnamsikia," akawaambia watu. "Anakiri mwenyewe kwamba ni mkaidi, haambiliki."

Nikasema hapana mwenyekiti, simaanishi hivyo, nilitia pamba. Akasema ndiyo, tumekuelewa, ulitia pamba. Nikasema pamba, pamba kabisa, ya dukani, ndani ya masikio, kwa sababu naogopa mlio. Leokadia akasimama kutoka nyuma, akafungua mkoba wake, akainua juu ile pamba yangu (alikuwa ameitunza, huyu mwanamke), ikaning'inia kwa urefu wake wote.

Nimesikia milio mingi lakini kile kicheko cha Kakese hakuna bunduki inayokifikia. Watu walishikana. Nikaambiwa niendelee, nikaeleza acha na achia, nikaeleza reka na lenga (hapo waliotoka Mwamkulu, wanaojua Kirundi, ndiyo walianguka kabisa), nikaeleza nilivyoinama mara mbili kupokea sifa, nikaeleza pumba. Kuna mama mmoja mtu mzima, mkali, ndiye aliyekuwa analalamikia kiwanja kuliko wote, alikuwa anajifuta machozi kwa kanga. Akasema, "Mwanangu, na mimi naogopa mlio. Ndiyo hicho tu nilichokuwa nasema siku zote, hakuna aliyenisikiliza." Afande aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi akainuka, akamwendea yule mama, akainama mbele yake, akamwomba radhi, akaahidi kwamba Jumamosi hakuna risasi kabla yeye hajapewa taarifa.

Kiwanja kikafunguliwa tena. Wakaweka masharti: mchanga uwe mchanga (naubeba mimi mpaka leo, kutoka korongoni, na Afande anaingiza mkono kila gunia kuhakikisha), na lile neno acha libadilishwe, litafutwe jingine ambalo hata aliyeziba masikio hawezi kulichanganya na achia. Mwenyekiti akauliza neno gani. Kutoka katikati ya watu sauti ikasema, pamba. Sijamjua mpaka leo, ila namshuku Nestori.

Na ndivyo lilivyopita. Sasa hivi ukienda pale Jumamosi utasikia shika, lenga, achia, na ukisikia "Pamba" mitutu yote inashuka, bendera yenye tundu inapanda, na watu wote tunaangalia kushoto kwa tuta tukiwa kimya, kwa sababu kila mmoja anatamani awe ni yule tembo amerudi. Nestori alimleta bibi yake mara moja, akakaa mbali chini ya mwavuli, akaomba lile neno alitamke yeye mwenyewe, na bunduki zikashuka, akacheka kama msichana.

Mimi pamba sitii tena masikioni, na hata nikipata kidonda cha kweli nafunga kitambaa tu. Mlio bado naogopa, naruka kila mara, nawaambia wageni mapema kwamba nitaruka. Ila kuna jambo moja halijaniisha. Hata nikiwa nyuma ya friji ya mtu huku Kawajense, bisibisi mkononi, akipita kijana barabarani akaniita kwa sauti, "Pamba," mikono yangu inaweka chini chochote ilichoshika.